Mashimo ya bakuli kwenye kaburi la babu yenu

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Kwetu, kusini ya mji karibu na bahari, kuna kaburi la mawe ambalo wazee wanasema ni la babu mkubwa wa ukoo. Limezungushiwa ukuta unaonifika kifuani, na upande mmoja inasimama nguzo iliyokatika juu. Mbele kuna mashimo matano ya mviringo, kama ya kuwekea sahani. Juu yake ipo mistari ya vipembepembe, na chini kitu kama bapa la mkuki. Mjomba anasema hizo ni alama za ushirikina, zisawazishwe. Binamu yangu amesoma mahali kwamba nguzo ni alama ya uume. Mwingine anasema ni kilemba, maana yake aliyezikwa ni mwanamume. Mimi nimeshapata fundi wa kulipiga plasta ya saruji kabla ya Idi ili lipendeze. Alama hizi zina maana gani hasa?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, mpigie simu huyo fundi leo umwambie asubiri. Sababu nitaieleza mbele.

Sasa tuje kwenye alama. Wengi wanaouliza swali kama lako wanataka kamusi: mnyororo maana yake hivi, samaki maana yake vile, kama watalii wanavyosimuliwa mbele ya milango ya nakshi kule Unguja. Makaburi ya kale ya pwani hayasomeki namna hiyo. Ukichukua kila mchoro peke yake utababaishwa na kila mwenye maneno matamu. Hilo kaburi lisome zima kwa pamoja: limesimama wapi, limejengwa kwa nini, lina maandishi gani, limepambwa kwa chombo cha wapi. Ukilisoma hivyo utaona linasema jambo moja kwa sauti kubwa, nalo ni kwamba aliyelala hapa alikuwa mwungwana, Mwislamu, mwenyeji wa mji huu, na ukoo wake haujapotea. Ushahidi wangu ni huu.

Nianze na nguzo, kwa kuwa ndiyo iliyowagombanisha. Makaburi ya nguzo yanapatikana kwenye ukanda wetu tu, kutoka pwani ya Somalia, ukishuka Lamu, Malindi, Gedi, Pemba kule Ras Mkumbuu, Tongoni hapo kwenu, Kaole, Kunduchi, hadi kusini zaidi. Ukivuka bahari ukaenda Arabuni au Uajemi huyakuti. Kwa hiyo anayesema yaliletwa na wageni na anayesema kwamba si ya Kiislamu, wote wawili wanapita pembeni ya kitu kilichobuniwa hapa hapa na Waislamu wa hapa hapa. Tena nguzo zenyewe hazifanani. Ipo ya mviringo, ya pembe nne, ya pembe sita, ya pembe nane. Gedi ipo moja iliyochongwa mifereji kutoka juu hadi chini, mpaka kaburi lake likaitwa kwa mifereji hiyo. Malindi, ubavuni mwa msikiti wa Ijumaa, kuna nguzo ndefu na nyingine fupi karibu yake. (Usizichanganye na ile nguzo yenye msalaba iliyo ufukweni Malindi. Hiyo ni alama ya Wareno wa Vasco da Gama, haina mtu chini yake.)

Hoja ya uume aliyoisoma binamu yako ni ya kweli kwa maana moja tu, kwamba wako wataalamu wa kigeni wa karne iliyopita walioiandika. Walitazama umbo, wakahitimisha. Mimi siikubali. Umbo peke yake haliwezi kutoa ushahidi, kwa sababu kila kitu kirefu kilichosimama kinafanana na kirefu kingine. Waliokuwa wakiishi na nguzo hizi waliziitaje? Pale Kilifi, juu ya mkono wa bahari, kuna magofu ya mji wenye kaburi la nguzo, na mahali penyewe panaitwa Mnarani. Wenyeji walipoitazama ile nguzo waliona mnara. Na kumbuka kwamba misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa na mnara wa kuadhinia. Mwadhini alipanda ngazi fupi tu. Mtu akiingia bandarini kwa jahazi, kitu cheupe kilichochomoza juu ya minazi mara nyingi kilikuwa ni nguzo ya kaburi. Hebu jiweke kwenye nafasi ya nahodha anayeingia Tongoni wakati ule: kabla hujamwona mtu aliye hai umeshawaona wakubwa wa mji waliotangulia.

Iko pia hoja ya tatu ambayo naiona ina uzito kuliko watu wanavyoipa. Majirani wa Waswahili nao husimamisha kitu wima kwa ajili ya marehemu mwenye cheo. Wagiriama na wenzao wa Mijikenda huchonga vigango, nguzo za mti mgumu zenye nakshi za pembetatu, kwa ajili ya wazee wa chama cha Gohu. Wazaramo walikuwa wakichonga nguzo za makaburi zenye umbo la mwana hiti, yaani mwanasesere wa mti. Sisemi kwamba nguzo ya babu yenu ni kigango cha mawe. Ninachosema ni kwamba mtu wa pwani hii, Mwislamu au asiye Mwislamu, aliona ni heshima mkubwa akumbukwe kwa kitu kilichosimama, na Waswahili wakaisimamisha heshima hiyo kwa matumbawe na chokaa, kando ya msikiti.

Kilemba nakipa sentensi chache. Makaburi ya Waturuki wa Dola ya Uthmani ndiyo yenye vilemba vya mawe juu ya jiwe la kichwani, na huko kweli kilemba kilionyesha mwanamume na cheo chake, kama vile maua yalivyoonyesha mwanamke. Mtu akishaona picha za Istanbul huja kuitafuta kanuni hiyo Tanga. Huku kwetu usimpangie marehemu jinsia kwa kutazama ncha ya nguzo, hasa nguzo yenyewe ikiwa imeshakatika.

Mashimo matano ndiyo yaliyonifurahisha zaidi katika barua yako. Hayo hayakuchimbwa ili yakae matupu. Kila shimo lilikuwa na bakuli au sahani ya kauri, kitako kimeshikwa na chokaa ukutani, uso unatazama nje. Katika makaburi ya karne ya 14 na ya 15 mara nyingi vilikuwa vyombo vya China vya rangi ya kijani iliyopoa, kama jani la mgomba linapoanza kufunguka. Baadaye vikaja vyeupe vyenye michoro ya buluu, na karne za mwisho vikaingia hata vya viwanda vya Ulaya. Nguzo ya Mambrui, kaskazini ya Malindi, ilipambwa hivyo kwa bakuli za China, na kwa bahati mbaya imeanguka. Kunduchi, mlango wa kaskazini wa Dar es Salaam, makaburi ya karne ya 18 yana mashimo kama ya kwenu, mengi yakiwa matupu. Vyombo vimebanduliwa na wezi, na wakusanyaji wa vitu vya kale, na watoto wenye mawe mkononi.

Yana maana gani? Kwanza yanasema uwezo. Bakuli moja ilitoka kiwandani kusini mwa China, ikapita mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi bandari kwa bandari, ikafika hapa ikiwa nzima. Kuibandika ukutani ni kuitoa mezani milele. Haipakuliwi chakula tena, haiuzwi tena, hairithiwi tena. Ukoo uliofanya hivyo ulitaka jirani aone kwamba kwa huyu hatukubania kitu.

Lakini sidhani kwamba utajiri unatosha kueleza. Ukiingia nyumba ya kale ya mawe Lamu, chumba cha ndani kabisa, utakuta ukuta umejaa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, na humo ndimo vyombo vya kauri vilimowekwa. Ukuta wa kaburi lenye nakshi na mashimo unafanana mno na ukuta huo. Miye ninapousimamia nauona kuwa ni ukuta wa chumba cha heshima uliotolewa nje, akapewa mtu aliyehamia nyumba ya mwisho. Na katika nyumba za Lamu vyombo hivyo vilikuwa na kazi nyingine, ya kupokea jicho la husuda: likimjia mwenye nyumba, linaishia kwenye kauri, chombo kinapasuka na mtu anasalimika. Hayo yaliaminiwa juu ya nyumba. Kuyahamishia kwenye kaburi ni hukumu yangu, lakini nyumba na kaburi vilijengwa na mafundi wale wale, kwa mawe yale yale, kwa ajili ya familia zile zile.

Mjomba apate kujua jambo moja hapa. Bakuli za namna hii hazikuwekwa makaburini peke yake. Katika Msikiti Mkuu wa Gedi zilipachikwa kwenye kibla chenyewe, yaani mihrabu, kile kishubaka cha upande wa Makka anaposimama imamu. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zilipamba sehemu za ndani ya kuba. Watu waliopamba kibla chao kwa bakuli hawakuwa wanatengenezea mizimu vyombo vya kulia.

Mistari ya vipembepembe tuipite haraka kidogo. Hiyo ni nakshi ya mafundi wa pwani nzima, inayozunguka milango ya misikiti, mihrabu na makaburi sawasawa, wakati mwingine pamoja na mstari unaofanana na kamba iliyosokotwa. Wasomi huifananisha na mifupa ya samaki. Mimi nililelewa na bibi aliyesuka mikeka, na kila nikiitazama naona ukili: miyaa inapandana huku na huku, pembe inafuata pembe. Siwezi kuapa kwamba fundi aliufikiria mkeka, ila mkono uliozoea kuona ukili tangu utotoni haukuhitaji kwenda mbali kutafuta nakshi. Kazi yake kwenye kaburi ni kuweka mpaka. Inaonyesha ukingo: hapa pameanza mahali pa kuheshimiwa. Inachongwa vizuri kwa sababu ya jiwe lenyewe. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi ni laini, linakatika kwa shoka dogo na tezo, kisha hewa na jua hulikausha likawa gumu. Fundi alikuwa na siku chache tu za kumaliza nakshi yake kabla jiwe halijamkatalia.

Hilo bapa la mkuki linanitia shaka. Rudi ukalitazame kutoka hatua kumi. Je, limezungukwa na fremu? Je, chini liko wazi au limefungwa? Tao la Kiswahili la kale lina ncha iliyochongoka juu kabisa, na likichongwa dogo ndani ya fremu ya mstatili, kisha likaliwa na upepo wa chumvi miaka mia tatu, linafanana na bapa la mkuki hata mimi hunihadaa. Kama ni tao, basi umeona mfano wa mihrabu, na maana yake iko wazi kuliko alama nyingine zote: marehemu ameelekezwa kibla. Kwetu pwani kibla ni upande wa kaskazini, kwa hiyo maiti hulazwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, uso kaskazini. Pima hilo kaburi kwa dira ya simu yako. Urefu wake ukiwa unakwenda mashariki na magharibi, yule mjomba anayezungumzia ushirikina atakuwa amejibiwa na babu yake mwenyewe.

Ikiwa kweli ni mkuki, haitakuwa ajabu vilevile. Katika Msikiti Mkuu wa Gedi mkuki wa bapa pana umechongwa juu ya tao la mlango mmojawapo. Mkuki katika nchi hizi ni alama ya mamlaka, na mtu mwenye mamlaka alikuwa na haki ya kuuonyesha hata kwenye nyumba ya ibada.

Umeniambia alama zote ukasahau kunitajia maandishi. Tafuta. Mara nyingi yapo kwenye jiwe la kichwani au kwenye ubao wa chokaa uliokuwa katikati ya ukuta wa mbele, na chokaa iliyopakwa mara nyingi inayaficha. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au jioni jua linapolala, mwanga ukigusa ukuta kwa ubavu. Herufi ambazo mchana huzioni zitasimama zenyewe. Ukikosa jua, tumia tochi, uishike ubavuni mwa ukuta, usimulike usoni. Usisugue kwa brashi ya waya wala usijaze chaki kwenye herufi. Utakachokuta pengine ni aya, nyingi zikikumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti, kisha jina, nasaba, na mwaka. Jina ni hazina. Neno la mwisho likiwa al-Barawi, ukoo wenu ulijitambulisha na Barawa, mji wa pwani ya Somalia. Likiwa na Sharif au Sayyid mbele, mara nyingi hiyo ni nasaba ya Mtume. Na mwaka ukiupata, utakuwa wa Hijria. Kuugeuza kwa haraka, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622, utapata mwaka wa Miladia kwa kukosea mwaka mmoja hivi. Kaburi la Gedi lenye tarehe ni la mwaka 802, yaani 1399. La Takwa, kisiwani Manda, lenye nguzo ndefu, ni la 1094, yaani 1683, na watu wa Shela mpaka leo huvuka maji kwenda kuomba mvua pale.

Kama maandishi hayapo, kauri itakusaidia, kwa tahadhari. Chombo cha karne ya 15 kinathibitisha kwamba kaburi halikujengwa kabla ya hapo. Hakithibitishi kwamba lilijengwa wakati huo. Bakuli nzuri iliweza kukaa kabatini vizazi vitatu kabla ya kupewa marehemu. Nimeona watu wakitangaza umri wa kaburi kwa kijipande kimoja cha buluu na kuongeza miaka mia mbili isiyokuwepo.

Tuje kwa mjomba, na nataka umwendee kwa adabu, maana hoja yake ina mizizi. Ipo hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kaburi kutiwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Masheikh wa pwani wameijadili tangu zamani na mimi si sheikh, sitaingia katikati yao. Lakini tazama hiyo hadithi inavyogusa mpango wako: plasta ndiyo ya kwanza kukatazwa. Mjomba asipotaka mtu aombe kaburi badala ya kumwomba Mungu, amwambie huyo mtu. Jiwe halijamwomba yeyote. Kaole, karibu na Bagamoyo, wako wanaokwenda kwenye kaburi liitwalo la Sharifa wakiwa na nadhiri zao, na wako wanaopita hapo hapo wakasoma Fatiha wakaondoka. Kaburi ni lile lile, nia ndizo mbili. Na desturi ya kuweka vitu makaburini ni ya kale: Songo Mnara, kisiwani karibu na Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta sarafu na kokoto nyeupe zimetawanyika kuzunguka makaburi, katika mji uliohamwa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Watu hao walikuwa na misikiti kila upande wa mji wao.

Saruji sasa. Ukuta wa babu yenu ni matumbawe yaliyoshikwa na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe. Ukuta wa aina hiyo hupumua: hunyonya unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari, kisha huutoa nje taratibu. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo chini yake na haipitishi unyevu. Ukiipiga, maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, inasukuma, na tumbawe linasagika kuwa unga. Kwa miaka michache kaburi litapendeza. Kisha plasta itaanguka kwa vipande vikubwa, na kila kipande kitaondoka na uso wa nakshi uliokuwa umeshikamana nacho. Nimeona kaburi lililotendwa hivyo na familia iliyompenda marehemu wao kwa dhati. Mistari ya ukili niliyokuwa nimeipiga picha miaka kadhaa kabla nilikuja kuiokota chini, imegeuzwa, upande wa nakshi ukiwa umeng'ang'ania saruji. Sikuwa na neno la kuwaambia.

Iko na sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, hata yakiwa kwenye shamba la mtu. Kaburi lenye mashimo ya bakuli lina kila dalili ya kuangukia humo, kwa hiyo nendeni mkaliandikishe kwa maofisa wa mambo ya kale kabla mtu hajagusa ukuta. Na wakikubali ukarabati, waulizeni fundi gani anajua chokaa ya tanuri, maana bado wapo, na kazi yao ni ya rangi ile ile aliyoiona nahodha.

Kwa hiyo kabla ya Idi kuna kazi ya kutosha bila plasta. Fagieni majani. Mti ukiwa umeota kwenye ukuta, msiung'oe, kwa kuwa mizizi itatoka na mawe. Ukateni shina usawa wa ukuta, urudieni kila unapochipua. Kaeni na bibi mkubwa kuliko wote katika ukoo mumwulize majina, moja baada ya jingine, kurudi nyuma mpaka atakaposimama, mkiyaandika anavyoyatamka. Halafu chuchumaa mbele ya yale mashimo matano, umulike ndani ya kila moja. Mwizi wa sahani kwa kawaida huondoka na ukingo, kitako kikabaki kimegandwa na chokaa. Ukikuta kijipande kinang'aa humo ndani usikibandue. Niandikie tu rangi yake, kama ni kijani au buluu, na ni shimo la ngapi kutoka kwenye nguzo.